Swali la Elirehema

Mzee Sumari alitaka sentensi moja tu iongezwe katika historia ya marehemu mwanawe, na Eunike, binti yake, aliikataa.

"Andika kwamba aliondoka na baraka zangu," mzee alirudia.

"Siandiki, baba."

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa arobaini na tano. Kesho yake ingefanyika ibada ya kumkumbuka Elirehema, aliyeuawa vitani Burma akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Mwili haukuja, ilikuja barua tu kutoka boma la Arusha. Kwa Walutheri wa mlimani Meru, mtu haagwi mpaka maisha yake yasomwe mbele ya watu, na katika ukoo mzima aliyejua kusoma vizuri alikuwa Eunike. Kalamu ilikuwa yake, na mwenye kalamu hatishwi kwa kukohoa.

Baba mdogo Thomasi, mzee wa kanisa ambaye hajapata kupitwa na ugomvi wa wenzake, akaingilia. "Binti, marehemu hasemwi vibaya."

"Sijamsema vibaya marehemu, baba mdogo. Anayetaka kusemewa uongo ni aliye hai."

Thomasi akakumbuka ghafla kuwa ng'ombe wake hajapewa majani.

Ukweli waliujua wote. Sumari alitaka kijana abaki kwenye kahawa. Elirehema akajiandikisha jeshini kwa siri. Asubuhi ya kuondoka alipiga magoti mlangoni kuomba baraka, baba akampa kisogo. "Ukitoka hapa, usiniite baba tena." Akatoka.

Jambo moja Sumari hakulijua, nalo ni jibu alilopelekewa mwanawe. Katika barua tatu Elirehema aliuliza swali lile lile: je, baba amenisamehe? Eunike alimsomea baba yake kila mara, na kila mara mzee aliinuka, akachukua panga, akaenda kupogoa migomba iliyokwisha kupogolewa. Naye Eunike, kwa kumwonea kaka yake huruma, akajibu: amekusamehe. Sasa kaka amekufa akiuamini uongo wa dada yake, na jambo hilo lilimnyima Eunike raha hata ya kula. Aliapa kwamba kaka yake atapata jibu la kweli, liwe zuri liwe baya, na atalipata kanisani, ambako baba hawezi kukimbilia migomba.

Jumapili kanisa lilijaa. Eunike alisoma kuzaliwa, ubatizo na kipaimara. Alisoma jinsi Elirehema alivyoiba asali ya mchungaji akaungama kabla hajaulizwa, watu wakacheka. Kisha akafika penyewe.

"Elirehema aliondoka bila baraka, kwa kuwa baba yake alimkasirikia. Mara tatu aliandika kuuliza kama amesamehewa. Mimi dada yake nilimjibu kwamba amesamehewa. Nilidanganya. Hakuna aliyenituma."

Thomasi alifungua kitabu cha nyimbo, akakishika juu chini. Sumari alikuwa ameshainuka. Eunike alidhani anatoka, akajiambia: na atoke, limekwisha kusemwa. Hata hivyo moyo ulimwuma, maana alimpenda baba yake.

Mzee hakutoka. Alitembea mpaka mbele, akashika benchi la kwanza.

"Lisome hilo swali lake," akasema. "Kama alivyoandika mwenyewe."

Eunike hakuhitaji karatasi. "'Je, baba amenisamehe?'"

"Nimekusamehe, mwanangu," Sumari akajibu, kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwitikia aliye mbali. Alipangusa uso kwa kiganja, ndipo akamtazama binti yake. "Andika hivyo. Nimechelewa, lakini andika."

Mchungaji akampa Eunike kalamu yake, na watu wote wakasubiri mpaka alipomaliza kuandika.