Tone Jekundu kwenye Bolti

Mume wangu Mbwana hakununua spana ya kupimia, aliitengeneza. Alichomea bokisi spana kwenye bomba la mita moja, na ncha ya bomba akaipachika mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Unavuta mizani hadi mshale ufike kilo kumi, basi bolti imekaza kwa haki. Mwaka ule wa tisini na mbili spea za Dubai zilishaanza kufurika mjini, lakini mafundi wa Mtoni Mtongani walikuwa bado wanakuja kwetu kuazima lile bomba. Kila bolti iliyokwisha kukazwa ilitiwa tone la rangi ya kucha, isije ikasahaulika. Rangi yangu mie! Nilikuwa nagomba, lakini moyoni naona fahari.

Wiki moja baada ya Idi ya kuchinja, Mbwana alifunga injini ya lori la kaka yangu Mfaume. Tumbo moja, wazazi wametangulia, hana mtu ila mie. Bolti za ndani kabisa, zinazoushika mkono wa pistoni, nilizitia tone kwa mkono wangu. Mfaume akacheka, eti injini yake imepambwa kama bi harusi. Jumatatu akaondoka na mitumba ya kupeleka Makambako, njia ya Iringa. Kurudi angebeba mahindi, na akiwa na mzigo ule angeteremka Kitonga, ule mlima wa kona kali.

Jumatano akaja shemeji yangu Twalib, mdogo wake Mbwana, kunywa chai. Huyu ndiye aliyeiazima mizani siku ya Idi, kupimia nyama ya ng'ombe aliyechangiwa na mtaa. Anatafuna zake andazi, anasimulia kama mzaha: walitundika paja zima, springi ikakatika. Akaona haya kusema. Akatia springi nyingine, laini kidogo, aliyoipata kwa fundi baiskeli, na mshale ukarudi sifuri vizuri tu.

"Kwa nyama haina neno," akasema. "Wote tulipunjika sawa."

Mbwana aliweka kikombe chini. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa unga wa kilo tano, haujafunguliwa, akautundika. Mshale ukasimama kwenye nane.

"Mkono uliniambia bolti bado hazijakaza," akasema taratibu. "Mie nikauamini mshale."

Nilimrukia Twalib, nikamtukana matusi ambayo siyarudii. Mbwana hakubadili hata shati lenye grisi, akakimbilia basi la Iringa amzuie Mfaume kabla ya mteremko. Bolti zile zikikatika injini hufa, na lori lenye mzigo halishikwi na breki peke yake. Mie nikabaki na dua zangu. Kila lori lililopita Barabara ya Kilwa nilisikiliza mngurumo wake. Mafundi wenzake walikuja kunipoza, kwamba injini inaweza kwenda hivyo hata mwaka. Waongo wakubwa, hakuna aliyenitazama usoni.

La kuvunda halina ubani. Mbwana alirudi Jumapili, shati lile lile, sasa lina udongo mwekundu pia. Alikaa mkekani, akafungua leso, akaniwekea kiganjani bolti iliyokatika. Waliiokota juu ya mteremko, mbali na lilikoangukia lori.

"Nimeshuka naye kaburini mwenyewe," akasema.

Nililia mpaka sauti ikaisha. Halafu nikaifuta ile bolti mafuta kwa upindo wa kanga. Tone langu jekundu lilikuwa pale pale, kuonyesha kwamba imekazwa.