Vidonati vya Mazin

Unga wa kununua hautaki mtu mzembe. Ukiuacha kidogo unaumuka mpaka unapanda ukingo wa bakuli, na ukiushikashika sana unaleta ukaidi, vidonati vinatoka vigumu. Bi Tamima wa mtaa wa Kiponda alikuwa keshaujua. Kila siku, akishasali alasiri, alikwenda kwenye tanuri la mikate na bakuli lake la bati, akarudi na donge limefunikwa kawa, akalibwaga juu ya ubao ulionyunyizwa unga, akalibonyeza kwa kiganja mpaka likawa bapa, kisha akalikata kwa mkasi vipande vidogo vya ukubwa wa kungumanga. Mafuta yakishapata moto alivitia kwa bismillahi. Vilizama, vikaibuka, vikajigeuza vyenyewe. Alivitoa vikiwa na rangi ya asali, akavigaragaza kwenye sukari iliyotiwa hiliki. Tangu mkasi mpaka sahani ni muda wa kuchemka birika la chai.

Chai inapoiva, mwanawe Mazin huwa keshafika. Huketi kwenye baraza ya nje, mgongo ukutani, nywele na kope zimejaa vumbi la saruji, akawajibu wapita njia wanaomwamkia. Mazin alikufa mwezi wa Rajabu.

Mtaani hapakuwa na aliyelishangaa hilo. Kilichowakera watu ni unga. Bi Mayasa, jirani wa mlango wa pili, alisema haijapata kuonekana: nyumba iliyokuwa ikipiga kalimati kwa mkono tangu enzi za mabibi, leo inakula unga uliokandwa na wanaume wa tanurini, pamoja na jasho lao. Aliyasema hayo mbele ya Mazin mwenyewe, huku akichukua kingine sahanini.

Bi Tamima naye hakupenda. Lakini unga alioukanda kwa mkono wake ulikuwa hauumuki tena. Mara tu Mazin alipoanza kuja, aliamka mapema siku moja akapiga kalimati zake kama zamani, akazifunika vizuri. Alipofunua adhuhuri alikuta bakuli zima limeganda kuwa jiwe la kijivu, na mwiko umesimama katikati. Ilibidi alivunje bakuli hilo la udongo kwa nyundo. Tangu hapo kila alichokikanda kiliganda. Hata maji aliyonawia Mazin kabla ya kula yaliganda ndani ya beseni, na asubuhi Khawla, mke wa Mazin, aliyabandua akayapanga chini ya ngazi, sahani juu ya sahani za saruji. Unga wa watu wengine ulikuwa na uvumilivu zaidi, mradi aukate na kuukaanga haraka, kabla haujajua umeingia nyumba gani.

Siku ya kwanza Mazin alibisha hodi kama mtu aliyetoka kazini.

"Shikamoo, mama. Kuna nini cha kula? Nna njaa."

Bi Tamima akaitikia marahaba kwanza, maana salamu haiwekwi kiporo, ndipo akakumbuka kwamba mtu huyu hawajamwona tangu Rajabu. Akamuuliza alikuwa wapi.

"Bwejuu, mama. Nimo ndani ya nguzo. Ukiingia pale mapokezi, ile ya mkono wa kushoto."

Alieleza huku akisubiri chai. Alikuwa fundi bomba kwenye hoteli iliyokuwa ikijengwa huko ufukweni. Siku hiyo walikuwa wakimwaga zege la nguzo za mbele, naye akapanda juu kurekebisha bomba lililokaa vibaya. Ubao ukateleza, akaingia ndani ya kasha la nguzo, zege likamfuata. Wenzake walipiga kelele. Msimamizi wao, Abdulwahid, akasema zege likikatizwa katikati nguzo itafanya ufa, na mwenye hoteli anakuja na wageni wake kabla ya mfungo. Wakaendelea kumwaga. Mazin alisimulia yote bila kinyongo. Kuhusu ufa, alisema, kifundi Abdulwahid alikuwa na haki.

Mama yake hakuwa na moyo wa namna hiyo. Alilia mpaka mafuta yakatoa moshi na chungu kizima cha kalimati kikawa mkaa. Kule kazini waliwahi kumwambia kwamba Mazin kachukua ujira wake kavuka kwenda Maskati, kama vijana wengi wanavyofanya, naye kwa kutaka kuamini akaamini. Sasa alitaka jambo moja tu hapa duniani: mwanawe atolewe mle ndani, akoshwe, avishwe sanda, asaliwe, akazikwe Mwanakwerekwe karibu na baba yake. Si zaidi ya anachopewa maiti yeyote, hata asiye na jamaa.

Keshoye asubuhi alikwenda Bwejuu na Khawla. Abdulwahid aliwapokea vizuri mno, akawaletea viti na madafu. Nguzo ya kushoto ilikuwa imeshapakwa rangi nyeupe, chini yake pamewekwa chungu cha maua, na mmoja wa wageni wa mwenye hoteli, Mzungu, ameiegemea akitazama simu yake. Khawla alimsubiri aondoke, akaweka kiganja pale. Nguzo ilikuwa na joto, kama mtu mwenye homa ndogo. Abdulwahid naye akaigusa kwa heshima, akakubali kwamba ina joto, akasema jua la Bwejuu kali. Akawaambia Mazin alilipwa haki yake na kuondoka kwa wema, na kwamba nguzo hiyo imebeba ghorofa zote za juu. Kisha akawatafutia gari ya kuwarudisha mjini.

Walikwenda kwa sheha wa mtaa wao. Bwana Silima alikuwa mtu mwema, aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na marehemu mume wa Bi Tamima, na habari yote aliisikiliza ameinamisha kichwa.

"Bi Tamima, nguzo ya watu haivunjwi bila ya amri," alisema. "Na amri haitoki bila ya mtu kufa au kupotea. Sasa mie ntaandika nini? Mazin nlimpa mkono jana hapo barazani kwako, tukazungumza mpira."

Akawaonesha kiganja. Vumbi la saruji lilikuwa bado lipo kwenye mistari ya mkono wake, na alisema amelisugua kwa sabuni ya kila namna lakini halitoki. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba kijana kafa. Ila kumwandika amekufa mtu anayekunywa chai mtaani mbele ya kadamnasi, hilo serikali isingelielewa. Mwisho akashusha sauti akampa ushauri wa kindugu: asimlishe. Mazin asipoonekana kwa muda ataandikwa amepotea, na aliyepotea njia yake ya kisheria ipo, ingawa ndefu.

Khawla alikuwa na lake. Mwanamke aliyefiwa hukaa eda, akaliliwa na kuhudumiwa, kisha siku zikitimia akatoka. Yeye kwa kadhi aliambiwa hakuna eda ya mume anayekaa mlangoni kila alasiri. Akitaka kuwa huru, aombe talaka. Mazin alipolisikia hilo hakutaka kumtaabisha mtu. Alikuwa hivyo tangu utoto. Akasema yeye yuko tayari kumwacha hata sasa hivi, waitwe mashahidi.

"Staki kuachwa," Khawla alimwambia. "Nataka kufiwa."

Mazin aliitikia kwa kichwa, vumbi likaangukia chai yake. Alisema amefahamu, akainywa hivyo hivyo.

Basi Bi Tamima akajaribu. Siku iliyofuata hakwenda tanurini. Alifunga mlango kwa komeo, akaketi nyuma yake na ncha ya mtandio mdomoni. Mazin alikuja wakati wake, akaketi barazani. Baada ya kitambo aliita, si kwa sauti kubwa.

"Mama. Nna njaa."

Kumsikia mwanao akisema ana njaa na wewe uko kimya nyuma ya mlango, hilo halina jina, na halina wa kumsimulia. Khawla alimshika mkono, na wote wawili walikaa hivyo mpaka Mazin alipoondoka karibu na magharibi. Wakafanya vile vile siku ya pili, na zilizofuata.

Mtaa ulikasirika. Hapa Mjini hata mpita njia asiyejulikana akikuta watu na chai yao huambiwa karibu, sembuse mtoto wa nyumba. Majirani walimletea Mazin sambusa, katlesi, mkate wa ufuta, na kila alichokishika kikawa kokoto kabla hakijafika mdomoni. Alishukuru, akaviweka kando kwa adabu. Bi Mayasa alisema kwa sauti ya kusikika ndani kwamba kuna watu wana roho za jiwe, na kwamba afadhali ule unga wa tanurini, angalau ulikuwa chakula.

Wiki haikwisha. Ijumaa Bi Tamima alisikia kitu kikisagika nje, akachungulia kwenye ufa wa mlango. Mazin alikuwa amebandua kipande cha chokaa ukutani na anakitafuna taratibu, macho yako upande wa jikoni. Bi Tamima alifungua komeo. Alikwenda tanurini nusu akikimbia, kawa kaisahau, akarudi na donge wazi mikononi. Alikata, akakaanga, akagaragaza. Sukari ilimwagika chini, akaiacha. Hakuwa na nafasi ya kuwaza sheha wala kadhi. Alitoka na sahani yenye moshi, na hapo ndipo Abdulwahid alipotokea uchochoroni, kavaa kanzu ya Ijumaa, na boksi la tende mkononi, salamu kutoka kwa mwenye hoteli.

Pengine kwengine mama angemwagia mafuta ya moto. Lakini Bi Tamima alikuwa na sahani mkononi, na mtu amefika wakati wa kula. Neno lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kila siku tangu alipojifunza kusema.

"Karibu, mwanangu. Karibu vidonati."

Abdulwahid akakaribia. Alivua viatu, akaketi barazani bega kwa bega na Mazin, wakala sahani moja. Mazin alimsogezea mgeni wake vile vya moto zaidi. Waliulizana habari za kazi, na Mazin akataka kujua kama lile bomba lilirekebishwa hatimaye. Abdulwahid akasema lilirekebishwa. Akasifu hiliki. Kisha akatoa simu, akanyoosha mkono mbele yao, na Mazin akatabasamu, maana alikuwa amelelewa vizuri. Bi Tamima alikuwa nyuma yao kashika upawa. Aliyaona yote na alijua yanakwenda wapi, lakini mgeni akishakaribishwa hainyanyuliwi sahani mbele yake.

Picha ilimfikia sheha kabla ya magharibi na polisi keshoye. Bwana Silima alikuja mwenyewe, kwa sababu hakutaka Bi Tamima alisikie kwa watu. Mazin yuko hai na ana afya, ndivyo ilivyoandikwa, anakula na aliyekuwa msimamizi wake, mama mzazi anashuhudia. Shauri limefungwa. Bi Tamima alimuuliza kama yeye mwenyewe anaamini hivyo.

"Mie?" alisema Bwana Silima, akakitazama kiganja chake. "Mie siamini. Lakini picha nzuri."

Alisimama kidogo mlangoni, kama mtu aliyesahau kitu. Akakaribishwa vidonati, akachukua kimoja, akaondoka akitafuna.

Hoteli ilifunguliwa. Mazin aliendelea kuja. Alizidi kuwa mzito. Baraza ilianza kuingia ndani pale alipozoea kukaa, na ilimchukua muda kugeuza shingo anapoitwa. Alisema wageni ni wengi huko na wanaegemea sana.

Bi Tamima akaenda sokoni Darajani akanunua karafuu maiti. Aliisaga, akaitia kwenye birika la maji, akalikoroga. Kwa vile wakosha maiti wasingekuja kwa aliyeandikwa yu hai, na mke ana ruhusa ya kumkosha mumewe, alimwita Khawla na beseni. Wakati wa kunawa kabla ya kula, yeye alimimina na Khawla akakosha, ametia nia, mkono wa kulia kwanza, kidole kwa kidole, kama inavyotakiwa. Mazin aliwaachia mkono. Harufu ya karafuu maiti ilitambaa uchochoroni, na waliokuwa wakipita wakapunguza sauti bila ya kuambiwa. Maji yalipofika kwenye kifundo cha mkono yaliganda. Khawla akajaribu kuyasukuma kwa kidole gumba, yasiende.

"Kesho tutafika kiwikoni," alisema.

Mazin akasema inshaallah.

Kesho yake mkono ulikuja na vumbi jipya, wakaanza tena kwenye kidole cha mwanzo. Na siku iliyofuata. Hawakuwahi kupita kifundo. Sahani za saruji zikajaa chini ya ngazi, na Khawla akaanza kuzipanga ukumbini, nyingine zina alama ya vidole vya mume na mke. Alasiri hii pia walikuwa hapo barazani, mama ameinua birika, mke kainama juu ya beseni, na maji yanaanza kuwa mazito.

"Mama," alisema Mazin, "vidonati vinaungua."

Bi Tamima akaliweka birika chini, akaingia ndani kupunguza moto.