Gari Lisilonguruma

"Unatunyonya, dada! Unatunyonya kama kupe!" Fundi cherehani alilipiga gari kofi kwenye boneti, futi kamba ikicheza shingoni mwake. "Wiki tatu tangu uliingize hili dude uani, uniti za umeme hatuzionji, zinaisha. Leo pasi imenizimikia juu ya suti ya bwana harusi!"

"Kaka, gari langu linakunywa petroli kama magari mengine. Betri yake inachajiwa na injini yenyewe."

"Petroli gani? Haibridi hiyo! Kila mtu anajua haibridi inachajiwa. Na waya niliuona mimi, mwenye macho haambiwi tazama. Umetoka dirishani kwako, ukaingia mlango wa nyuma."

"Ule waya wa mashine ya kufyonza vumbi! Mtoto wa abiria alimwaga biskuti siti nzima."

Uani walicheka, lakini si kicheko cha kumtetea. Dereva, yule dada mwenye gari, alikuwa amerudi muda huohuo kupumzika mchana, hata viatu hajavua, akakuta kesi imeshasikilizwa na hukumu imeiva. Wiki tatu zote alikuwa akiyasikia: gari lake likinyeshewa litarusha umeme hadi kwenye kamba za nguo, mwanamume akikaa juu ya ile betri asahau kupata mtoto. Yote hayo aliyacheka. La leo halikuchekesha, kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe alikuwa ametoka barazani.

Walimwita Bi Funguo, kwa lile rundo la funguo lililomtangulia kwa mlio kila aendako. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mtu," alisema polepole, na hapo ndipo dereva aliposhikwa na baridi. "Lakini mimi na wapangaji sita tunatumia mita moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Kama ni gari, Ijumaa ufungashe."

Ijumaa! Miezi miwili alihangaika kupata chumba chenye geti la kupitisha gari. Kule alikotoka alikuwa akililaza barabarani. Wezi wakang'oa vioo, wiki iliyofuata wakabeba tairi mbili. Bila ua hana gari, na bila gari hana kazi.

"Bibi, zima swichi kuu," alisema. "Nyumba nzima ikose umeme. Halafu niwashe gari mbele yenu."

Bi Funguo alimtazama, akaingia ukumbini. Tak! Redio ya jirani ikakatika katikati ya tangazo. Dereva alifungua boneti ili injini ionekane, akaketi kwenye usukani, akakanyaga breki na kubonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Gari lilikuwa tayari kuondoka. Nje hakusikika hata mkoromo.

"Limekufa!" Fundi alipiga makofi. "Si niliwaambia? Umeme umekatwa, na roho imekatika."

"Limewaka, kaka. Ndivyo lilivyo, linaanza kwa betri, kimyakimya," dereva alisema akishuka kuwaelekeza watu waione ile taa.

Alipoinua macho, Fundi alikuwa ameshainama chini ya boneti, kichwa na mabega ndani, anautafuta waya wa wizi. Futi kamba ilining'inia mbele yake, ncha zake zikipapasa karibu na rejeta. Gari lilikuwa limetoka kazini, bado la moto, na feni yake haibishi hodi.

"Toa kichwa! Fundi, toa kichwa!"

"Ahaa! Mnamsikia? Hataki niuone!"

"Limewaka! Nakwambia limewaka!"

"Lingewaka tungesikia, dada. Mimi si mtoto." Akazidi kuinama.

Dereva hakujua amvute yeye au alizime gari. Alikimbilia mlango. Kabla hajaufikia, injini ilinguruma yenyewe, bila mkono wa mtu, na feni ikavuma. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Ncha ya futi kamba ikadakwa, ikajisokota, na Fundi akavutwa chini kama mbuzi mwenye kamba, mikono ikipigapiga boneti. Neno halikumtoka, ila mkwaruzo.

Dereva alijitupa garini kifudifudi, akabonyeza kitufe. Kimya.

Hakuthubutu kutoka mara moja. Alisubiri kusikia kitu chochote. Kikohozi kikaja. Kisha kingine, kirefu. Akateremka, akaikata futi kamba kwa mkasi uliokuwa mfukoni mwa Fundi mwenyewe. Shingoni palikuwa na mstari mwekundu, na kipande kilichobaki kiliishia namba arobaini.

"Umepata vipimo vyangu?" Fundi alinong'ona, machozi yakimlengalenga. Hakuna aliyecheka.

Ndipo, katika kimya kile, wakaisikia sauti nyingine. Piii, piii, piii. Mamia ya sauti ndogo, kutoka stoo ya Bi Funguo.

"Vifaranga wangu!" Bi Funguo alishika kiuno. "Taa zao zimezimika! Watakufa kwa baridi!"

"Taa ngapi, bibi?" dereva aliuliza.

"Sita tu. Zile nyekundu, za joto."

"Zinawaka saa ngapi?"

"Si usiku na mchana? Tangu nilipowaleta, wiki tatu..." Mwenye nyumba alisita. Funguo hazikulia. Kila mtu uani aliwajua wale vifaranga; hakuna aliyewahi kuziwaza taa zao.

Fundi alisafisha koo. "Kikulacho—"

"Nyamaza wewe, shingo yenyewe umekopeshwa!" Bi Funguo alikimbia, akawasha swichi kuu, na ile piii ikapungua kidogo kidogo. Aliporudi hakumtazama dereva usoni. Aliifunga boneti mwenyewe, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Ijumaa nitaleta fundi wa umeme, vifaranga wapate mita yao," alisema. "Haya mwanangu, vua viatu. Chakula kipo mezani kwangu kinapoa. Na wewe Fundi, kama koo linapitisha, ingia tule."