Una Uhakika, Mke Wangu?

...hakuna kitakachopotea, mama, anasema fundi, wateja wote, pampu zote za maji, risiti zote zitahamia kwenye programu mpya, nipe ruhusa tu nianze, na yeye, meneja mzima, ametumbulia macho kioo cha kompyuta kuukuu utadhani ndiyo kwanza anaiona, hakuna kitakachopotea, angejuaje maskini, hii programu ya zamani aliiandika mumewe, pale mezani kwao, miguu ndani ya beseni la maji kwa ajili ya joto, akamwita aje ajaribu kufuta jina la mteja, na kompyuta ikamuuliza, Una uhakika, mke wangu?, akacheka mpaka akashika mbavu, na bwana yule msahaulifu akaileta kazini vilevile bila kuyaondoa yale maneno, ikawa kila anayefuta kitu hapa anaitwa mke wangu, hata mtunza stoo na ndevu zake zile, naye hujibu kwa sauti, Ndiyo, mume wangu, ofisi nzima hoi kwa kicheko... mama, unanisikia?, anasikia, anasikia, jana programu imemeza oda ya hospitali, juzi ya shule, karani wa mauzo amejifungia chooni analia, ameitwa mzembe bure, na mumewe mwenyewe alisema, kitandani alipougua, sauti imebaki kidogo, ibadilisheni hiyo, imechoka kama mimi, naye akamjia juu, nyamaza, habadilishwi mtu hapa, kana kwamba akikubali programu iondoke atakuwa amemruhusu na yeye... akaondoka vilevile, asubuhi, mkewe yuko kazini... na hawa hawajui kwamba wakishatoka yeye huandika jina la mteja wa uongo ili alifute, aulizwe, na hata hilo, wiki hii, alibonyeza na jina likafutika kimyakimya, akaandika jingine, akabonyeza, kimya, hakuulizwa lolote, akalia kama siku ya msiba wa mumewe, sasa anamlinda nani, mtoto wa watu anabeba lawama kwa ajili ya swali ambalo halipo tena... mama, tuanze?, fundi bado kidole juu ya kitufe, feni inazunguka, na yeye meneja moyo unamuuma, unamuuma kweli, lakini ndiyo yenyewe imeshafika mdomoni, nisamehe, baba watoto, nimechoka kukusubiri, na anavuta pumzi ili aiseme.