Daftari la Troli Zilizoachwa

Mteja anachukua kuku wa barafu, anafika kwenye viatu, anabadili mawazo, anamwacha kuku kati ya ndara na raba, huyo anakwenda zake. Katika kila duka kubwa lazima awepo mtu wa kumwokota kuku huyo kabla hajayeyuka na kumrudisha kwenye friza. Katika duka hili mtu huyo alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye troli yake mwenyewe aliyoifunga kitambaa cha manjano ili isichukuliwe. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili. Wenzake walimwita Rudisha, na jina likamkaa hata meneja akalisahau lile la kwenye faili.

Rudisha aliipenda kazi yake. Kwa vitu vilivyoachwa aliwajua watu. Aliyeacha biskuti kaunta, mtoto wake alikuwa ameshalala mgongoni. Aliyeacha wembe kwenye mashuka, huyo alipigiwa simu ya haraka akasahau alichofuata.

Kisha akaja mtaalamu. Makao makuu yalimtuma kijana mwenye shati la kubana, alipange duka upya. Siku nne milango ilifungwa. Ilipofunguliwa, zile njia za zamani hazikuwepo tena. Palikuwa na njia moja tu, imepindapinda kama utumbo, ina uzio wa mabomba kila upande, na sakafuni imechorwa mishale ya bluu. Mkate ulikuwa umepelekwa pembe ya nyuma kushoto, maziwa nyuma kulia, na sukari ilijificha baada ya matairi ya magari. Haikupita siku, wafanyakazi wakambatiza mtaalamu jina: Mishale.

"Mteja akizunguka anaona vingi," Mishale aliwaeleza. "Akiona vingi, atachukua vingi. Ni hivyo tu."

Wiki mbili za mwanzo alionekana mjuzi kweli. Watu walipotea, na katika kupotea kwao wakabeba vitu ambavyo hawakuvijia. Wiki ya tatu mambo yakageuka, na Rudisha ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, kwa sababu yalimfikia mikononi. Zamani aliokota kuku mmoja hapa, soksi kule. Sasa alikuta troli nzima nzima, zimejaa hadi juu, zimeegeshwa ukutani, wenyewe hawapo. Wameondoka mikono mitupu.

"Watazoea," meneja alisema kila alipoambiwa.

Jumapili moja wifi yake Rudisha, dada wa mumewe, alikuja kuwasalimu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye goti bovu na mdomo usio na breki. Alijitupa kwenye kochi, likalia.

"Wifi, lile si duka, ni gereza," alisema hata kabla ya maji ya kunywa. "Nimeingia kununua kiberiti, nimetoka na pazia. Na kiberiti chenyewe sikukiona!"

Mume wa Rudisha alicheka mpaka akapaliwa.

"Cheka tu, kaka. Siku ukitumwa wewe tutakutangaza redioni kwamba umepotea."

Rudisha naye alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Alipotulia akauliza, "Sasa wewe ungependa lipangweje?"

Wifi alimtazama kwa mshangao. "Ningependa? Tangu nizaliwe, nani wa duka amewahi kuniuliza ninapenda nini?"

Swali hilo halikumtoka Rudisha kichwani. Jumatatu akaingia kazini na daftari la kurasa mia moja. Kila troli aliyoikuta imeachwa, kabla hajagusa kitu, aliandika mambo matatu: imeachwa wapi, ina nini, na imekosa nini. Aliandika hivi: "Mkate, siagi, jemu, majani ya chai. Kwenye matairi. Amekosa sukari." Na hivi: "Nepi, maziwa ya unga, chupa ya mtoto. Kwenye uzio wa tatu. Nadhani mtoto alianza kulia." Na ukurasa mwingine: "Ndoo, ufagio, sabuni ya unga. Kwenye magodoro. Amechoka tu."

Baada ya wiki sita alilipeleka daftari kwa meneja. Meneja alifungua kurasa mbili, akalifunga, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, wewe rudisha. Kupanga kuna wenyewe."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana maneno yale yaliuma zaidi. Rudisha alijikaza kisabuni mpaka alipofika stoo, akaketi juu ya katoni ya tishu, akalia kidogo. Halafu akanawa uso na kurudi kazini. Siku hiyo peke yake alikuta troli kumi na tisa. Aliziandika zote.

Mwezi uliofuata bosi mkuu mwenyewe akaja kutoka makao makuu. Alikuwa mzee mrefu, mpole wa sauti, ambaye alikuwa na maduka tisa lakini kwa muda mrefu hakuwa ameshika kikapu. Wafanyakazi wote walikusanywa stoo. Mishale akaonyesha michoro yake ukutani, mistari ya kijani inapanda, myekundu inashuka, na kila aliposhikwa na kigugumizi meneja alikohoa kumsaidia. Wateja walikuwa wanapungua, hilo halikufichika. Mishale alisema ni kwa sababu hawajaizoea njia.

"Kuna mwenye neno?" bosi aliuliza.

Stoo nzima ikatazama viatu vyake. Mkono wa Rudisha ukapanda wenyewe.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mama. Sema."

"Mimi sina michoro. Nakuomba tu uchukue troli, ukanunue vitu saba. Mkate, maziwa, sukari, chumvi, kiberiti, balbu na dawa ya meno. Vitu vya nyumba yoyote."

Meneja alifumba macho. Bosi akavua koti akampa meneja amshikie.

"Haya. Mnifuate, lakini mtu asinionyeshe."

Basi ukawa msafara. Mbele bosi na troli yake, nyuma yake wafanyakazi zaidi ya arobaini wakinyata kama wezi. Alianza vizuri, akapata dawa ya meno. Akafuata mishale akapata mkate, akapata balbu. Baada ya hapo akaingia kwenye vyombo vya plastiki akatokea kwenye rangi za nyumba. Akarudi nyuma, uzio ukamzuia. Akajaribu kupenya, tumbo likakataa. Keshia mmoja alibana kicheko hadi akatoa sauti kama paka. Bosi akapita kwenye matairi, sukari hakuiona. Akapita tena, hakuiona. Mwisho akafika kwenye magodoro, akasimama, akafuta jasho, akaketi juu ya moja lililofunikwa nailoni.

"Muda gani huo?" aliuliza.

"Dakika arobaini na tatu, bosi," Mishale alijibu kwa sauti ndogo.

"Na nina vitu vitatu." Aliitazama troli yake. "Unajua, kama si aibu ya kutazamwa, hii ningeiacha hapahapa nikaondoka."

"Wanaiacha hapohapo," Rudisha alisema. "Hapo kwenye godoro hilo. Wamefika mia moja na sita."

"Umejuaje?"

Rudisha akatoa daftari. Bosi alisoma akiwa amekaa pale kwenye godoro, ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza alisema, "Nawapa wiki tatu. Mlipange upya. Wewe, mama, pamoja na huyu kijana."

Kwa Mishale siku hizo za mwanzo zilikuwa chungu. Hakuongea sana. Rudisha naye alijawa na ushindi kuliko ilivyofaa. Alichora duka lililonyooka kama stoo: vitu vya kila siku vyote mlangoni, vingine vyote nyuma, ingia, chukua, toka. Mishale aliuvuta ule mchoro karibu.

"Mama, nikuulize bila ugomvi," alisema. "Daftari lako limeandika walioondoka. Waliobaki je? Wale wanaofika mpaka kaunta wakiwa wanatabasamu, umewaandika wapi?"

Rudisha alipekua kurasa. Hakuwa amewaandika popote.

Kesho yake wote wawili walisimama mlango wa kutokea, Rudisha na daftari, Mishale na kalamu, wakawauliza watu: Unapenda duka liweje? Mzee mmoja mstaafu alijibu bila kusimama, "Mkate, gazeti, nje." Fundi bomba alitaka spea zake ziwe karibu na mlango, maana mwenye nyumba huwa anamsubiri sebuleni ndoo mkononi. Lakini mama mmoja kijana, mtoto kifuani, aliwashangaza.

"Mimi napenda kuzunguka," alisema. "Nyumbani kutwa niko peke yangu na huyu. Hapa natazama mapazia, natazama vikombe, roho inatulia. Ila msinifungie njia. Mtoto akilia nataka nitoke saa hiyohiyo."

Waliuliza watu mia mbili na zaidi. Kulikuwa na wenye haraka na wenye nafasi, na mara nyingi ni mtu yuleyule: Jumanne anakimbia, Jumamosi anatembea. Rudisha alifuta mchoro wake wote bila kinyongo. Jioni hiyo Mishale alimletea soda, na kutoka hapo wakawa wanaongea kama mtu na shangazi yake.

Mpango walioukubali ulikuwa huu. Uzio wote ung'olewe. Ipite njia moja pana, iliyonyooka, kutoka mlangoni hadi nyuma, na kila upande viwekwe vitu vya kila siku. Pembeni pande zote mbili ibaki mitaa ya kutembea, mapazia, vyombo, nguo, viti, kila mtaa ukiwa na pa kuingilia na pa kutokea. Na mabango yaandikwe kwa herufi kubwa, kwa maneno ya wateja wenyewe. Hapo ndipo meneja alipopinga.

"'Vitu vya chai'? Hiyo idara haipo! Sukari iko chini ya nafaka, maziwa yako chini ya vyakula vya baridi."

"Meneja," Rudisha alisema taratibu, "wewe asubuhi unakunywa idara?"

Mafundi waliokuwa wakifungua nati za uzio, duka likiwa limefungwa, walivunjika mbavu. Meneja alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka nao. Friji ndogo ya maziwa ikasogezwa jirani na sukari, majani ya chai na mkate, na bango likapanda: VITU VYA CHAI. La pili likapanda: VITU VYA KUFULIA. La tatu: VITU VYA MTOTO. Mishale mwenyewe alipiga magoti akakwangua mishale yake ya bluu kwa kisu cha rangi, mmoja baada ya mwingine, akikataa kusaidiwa.

Jumamosi milango ikafunguliwa. Robo saa ya kwanza Rudisha alitamani ardhi ipasuke immeze. Watu waliingia, wakasimama, wakatazama chini wakitafuta mishale. Hawakuiona, wakabaki wameduwaa. Halafu yule mzee mstaafu akapita katikati yao, akasoma bango, akaenda moja kwa moja, akachukua mkate, akachukua gazeti, akalipa. Alipofika mlangoni alisimama akageuka, kama mtu aliyesahau kitu.

"Nimemaliza?" alimuuliza keshia.

"Umemaliza, mzee."

"Aisee!"

Ndipo watu wakaanza kumiminika. Fundi bomba aliingia akatoka kama upepo. Mama kijana alizunguka kwenye vikombe saa nzima. Mtoto alipolia alitoka kwa hatua ishirini, akambembeleza nje, akarudi kuendelea. Wifi alikuja saa tano, goti limefungwa bandeji, uso umejiandaa kwa vita. Alitembea ile njia pana, akapakia, akapakia, akafika kaunta, akakosa cha kulalamikia. Ilimsumbua sana. Alisimama kidogo, akaiacha troli yake kwa keshia, akarudi kutazama mapazia kwa hiari yake.

Duka lilipofunga, Rudisha alipita njia zote na troli yake ya kitambaa cha manjano. Alikuta ndara moja, betri mbili na kopo la maharage. Hakuna troli hata moja iliyoachwa. Alizunguka mara ya pili kuhakikisha. Mishale alikuwa akimsubiri kwenye magodoro, na alipomwona anatikisa kichwa, alirusha ngumi hewani akapiga kelele kama mtu aliyefunga goli.

Wiki nne baadaye meneja alimwita ofisini, akampokea mlangoni, kisha akampa simu. Bosi mkuu alikuwa hewani.

"Mama, nina maduka mengine manane yaliyopotea vilevile," alisema. "Nataka uyapange. Cheo chako kitakuwa mpangaji mkuu. Unahitaji nini?"

"Nahitaji mwezi mmoja kila duka, bosi. Wiki ya kwanza hatugusi rafu, tunauliza watu tu. Na namhitaji kijana wangu wa kalamu."

"Mtaalamu awe chini yako?"

"Kando yangu," Rudisha alisema. "Ananipinga vizuri."

Alipofika nyumbani na kuisema habari ile sebuleni, mumewe alisimama, akaketi, akasimama tena. Wifi hakungoja mwisho wa sentensi. Alipiga vigelegele hadi majirani wakafungua milango, na jirani wa mkabala akaja mbiombio kuuliza ni harusi ya nani.

"Harusi gani!" wifi alimjibu, amemshika Rudisha mabegani akimsukuma mbele aonekane vizuri. "Mtazame huyu. Maduka tisa, jirani! Maduka tisa yatapangwa kama anavyotaka wifi yangu!"

"Kama wanavyotaka wateja," Rudisha alimsahihisha, lakini kelele zilikuwa zimeshamzidi, na yeye mwenyewe alikuwa akicheka kwa sauti kuliko wote.