Bastola ya Hatta

Mimi Rukiya wa Malindi, mpishi wa nyumba moja ya Waarabu huko Mirdif, sijapata kutaka bastola maishani mwangu. Lakini Ijumaa ile niliitaka kuliko bosi wangu, Sir mwenyewe. Binti yangu Ummulkheir alikuwa anaolewa, na kila nikimwomba Sir ruhusa ya kwenda kwetu, hunijibu inshallah, ile inshallah ya kukurudisha jikoni. Tulipokuwa garini kuelekea Hatta, nikamvamia tena, maana alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kununua bastola.

"Tukirudi na kitu mkononi utakwenda, Rukiya. Wallahi," akasema.

Sir ana visirani chungu nzima, lakini kiapo havunji.

Nyuma alikaa Matia, Mganda, mlinzi wetu wa getini. Kwao alishalinda benki na bunduki, kwa hiyo yeye ndiye mkaguzi. Kiarabu hajui, na Kiingereza cha Sir kinaishia kwenye salamu, basi mkalimani ni mimi. Na chupa ya chai naishika mimi pia. Sir hafanyi jambo lolote bila mimi kusimama mkono wake wa kulia na chai.

Tulipofika, mwenye shamba aliyekuwa akiiuza akaitoa bastola kwenye kitambaa cha hariri. Ya zamani, ile yenye silinda inayozunguka, mpini wa pembe. Sir akaguna kama aliyeonjeshwa halua.

"Ya babu yangu," mwenye shamba akaapa. "Haina kasoro hata moja."

Matia hata mpini hakuutazama. Akafungua silinda, akachungulia tundu moja moja kuhakikisha hamna risasi. Akarudia. Kisha akaniambia nami nichungulie.

"We Matia, tumekuja kununua au kuipima malaria?"

"Pole pole, dada. Hii kitu ukikosea, hakuna kurudia."

Akauelekeza mtutu dirishani, akafumba jicho moja. "Ndani kuna kutu mingi."

"Anasemaje?" Sir akauliza.

"Anasema ndani kuna historia."

Matia akaitikisa sikioni. Kocho, kocho. "Silinda imelegea."

"Anasema ni laini."

Akavuta nyundo ya nyuma mpaka ikakaa, halafu, bila kugusa kifyatulio, akaisukuma kwa dole gumba. Tap! Ikaanguka yenyewe. Mwenye shamba, yule wa haina kasoro, alikuwa keshajitupa nyuma ya mto wa kuegemea.

"Anasema ni nyepesi," nikasema kabla sijaulizwa. Aibu niliiona, sitaki uongo. Lakini harusi ni ya mwanangu wa pekee, na nilikuwa nishajiona na leso kiunoni.

Matia akaizungusha tena, taratibu, akakunja uso. "Dada, ona. Tundu halikai sawa na mtutu. Ukipiga, risasi itakwaruza ukingo, vipande vitarukia hapa kando."

"Kando wapi?"

"Kulia. Mwenye kupiga anaweza kupona. Yule amesimama kulia kwake, huyo ndiyo basi."

Nikatazama kulia kwa Sir. Nilikuwepo mimi, na chupa ya chai.

"Khalas!" nikapiga ukelele. "Sir, bovu hilo! Lina kutu, limelegea, linajifyatua lenyewe, litaniua!"

"Si umesema laini?"

"Laini kama jino la kung'oka!"

Bastola ikarudishwa kwenye hariri, na Sir akatoka amenuna. Mimi nyuma yake machozi yananilengalenga. Mbavu nimeziokoa, harusi ya mwanangu imekwenda.

Ndipo nikasikia mee. Uani kulikuwa na banda la mbuzi.

"Sir," nikamwambia, "uliapa kitu mkononi. Bastola hukuitaja."

Akanitazama sana. Nami nikamkazia macho, liwalo na liwe. Mwisho akashusha pumzi, akamwita mwenye shamba.

Mbuzi nilimkagua mwenyewe: meno, macho, kwato, kiwele. Matia kwa mazoea akamtikisa kidogo, akatega sikio. Alipomzunguka nyuma na kufumba jicho moja, nikamwambia, "Toka huko, hakuna mtutu!"

Nami sikutaka mchezo na kiapo. Tulipofika Mirdif nilimkumbusha Sir kuwa mkononi ni mkononi. Akashuka garini na kanzu yake nyeupe ya kandura, amempakata mbuzi, na mbuzi akiitafuna ile kandura. Madam, mkewe, akatoka mlangoni. Wiki nzima alikuwa akipiga kelele kuwa hataki bastola nyumbani kwake.

"Afadhali bastola," akasema.

Sir akamweleza kiapo, na kwamba nakwenda Malindi. Madam akauliza nani atamtazama mnyama. Sote tukageuka kumtazama Matia.

"Mimi ni mlinzi," Matia akasema.

"Basi mlinde," nikamtafsiria jibu la Madam.

Siku ya harusi simu ikalia mkobani. Ujumbe wa sauti wa Matia: kwanza mee, kisha kitu kinavunjika, kisha Matia anauliza kama mbuzi anaruhusiwa kula mpira wa kumwagilia bustani, na ninarudi lini. Nilitaka kumjibu, wallahi. Lakini mlango ukafunguliwa, na Ummulkheir wangu akatoka amepambwa, macho yanamzunguka ukumbini ananitafuta. Nikaizima simu, nikapiga kigelegele mpaka sauti ikanikauka.