Kisahani Kisafi

Kiwandani walimwita Pua, maana alikuwa akifunua debe la maziwa tu anakwambia kama yameanza kuchacha. Kazi yake ilikuwa ya maabara: kuchukua maziwa kidogo ya kila mfugaji, kuyapaka kwenye kisahani, kukiweka kwenye kabati la joto, na vidoa vya vijidudu vikishaota, kuvihesabu. Kazi hiyo alitafutiwa na shemeji yake, meneja wa kiwanda, na dada yake mkubwa hakuchoka kumkumbusha.

Wafugaji walikuwa saba tu, kwa hiyo kipimo kilichojitenga kilionekana bila kutafutwa. Asubuhi moja alifungua kabati akakuta visahani sita vimejaa vidoa vya njano mpaka ukingoni. Cha saba, cha mama mmoja mjane mwenye ng'ombe wawili, kilikuwa karibu kitupu.

Alijishuku yeye kwanza. Huenda alikipaka vibaya. Akarudia kwa maziwa mapya, majibu yakawa yale yale. Alipompelekea shemeji yake, bwana yule hakutaka maelezo marefu.

"Huyo mama anatia dawa ya kuua vijidudu," alisema. "Sita wanafanana, mmoja kajitenga. Sasa mwenye kosa nani? Mtoe huyo, tubaki na wastani wetu wa siku zote."

Maneno yale yalimwingia akilini, na mjane akaambiwa asilete maziwa mpaka aitwe. Lakini Pua alikuwa amebakiza kikombe cha maziwa ya yule mama. Akayatia kijiko cha mtindi, akayaacha mahali penye joto. Maziwa yenye dawa hayagandi. Haya yaliganda vizuri, mazito, yenye harufu nzuri. Roho ikamsuta. Akaenda kwa mjane mwenyewe.

Mama yule alimpokea kwa wasiwasi, akidhani kuna jingine baya limekuja. Banda lake lilikuwa limefagiliwa, ng'ombe hawana hata tope mkiani. Pua alimuuliza anaoshea nini debe lake.

"Maji ya moto na sabuni, mwanangu. Hili nimenunua mwenyewe mwezi huu. Yale mnayotugawia huko kwenu nilishayakataa, yananuka."

Wafugaji wengine wote walitumia madebe ya kiwanda, yanayooshwa kiwandani kila siku. Pua akaomba maziwa ya mjane, akayagawa: nusu akayaacha kwenye debe la mwenyewe, nusu akayamimina kwenye debe la kiwanda lililotoka kuoshwa muda ule. Siku ya kuhesabu, kisahani cha nusu ya kwanza kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa cha njano kama vya wale sita. Basi wale sita hawakufanana kwa kuwa wazima. Walifanana kwa kuwa wamepakwa uchafu mmoja.

Alizunguka nyuma ya jengo, lilipo tangi la maji ya kuoshea. Mwosha madebe alimwambia hajawahi kuona ndani. Yeye anafungua bomba la chini tu, na kifuniko kakatazwa kukigusa. Pua akapanda ngazi, akakisukuma.

Harufu ilimpiga usoni kama kofi. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta ya maziwa, mzito, wa kijivu, umekunjana kama ngozi ya mguu uliolowa. Panya wawili walikuwa wamevimba humo, manyoya yamewanyonyoka, na funza wakipita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Kuta zilikuwa na ute unaoning'inia. Pua alitapika pale pale ngazini, na kila akikumbuka chai ya maziwa aliyokunywa humo kiwandani, akatapika tena.

Alimkuta shemeji yake ofisini, anachokonoa meno kwa njiti. Akamweleza yote, akingoja aruke kitini. Hakuruka.

"Najua, shemeji," alisema. "Tangi jipya lina gharama. Maziwa si yanachemshwa? Na kwangu kwani umewahi kutuona tunakunywa haya?"

Kweli hakuwahi. Kwa dada yake chai ilitiwa maziwa ya unga siku zote, naye alidhani ni maringo ya watu wenye nafasi. Alimtazama yule mtu, njiti mdomoni, kidevu kinang'aa, na kichefuchefu kikampanda upya, kibaya kuliko cha ngazini.

Hakumtoa mjane kwenye vipimo. Alivibeba visahani vyote mpaka kwa wakaguzi wa afya. Wakaja, wakafunua tangi mbele ya wafanyakazi wote, na kiwanda kikafungwa siku hiyo hiyo. Shemeji akafukuzwa kazi.

Dada alipiga simu, akilia kwamba Pua amewatilia mchanga kwenye kitumbua chao. Pua alimwacha amalize, kisha akamuuliza jambo moja.

"Dada, ulijua tangu lini?"

Dada akakata simu.

Kiwanda kilifunguliwa chini ya meneja mwingine, tangi likawa jipya, mjane akarudi, na Pua akabaki maabara. Ila maziwa hayajapita kooni mwake tena. Siku moja alikutana sokoni na dada yake na watoto. Mdogo alimkimbilia, naye akambeba akambusu mashavu yote mawili. Dada akanyoosha mkono. Pua aliushika kwa ncha za vidole, akaulizia hali, akaaga, na alipofika kwenye bomba la maji pale sokoni alisimama akanawa mpaka ngozi ya vidole ikakunjana.